Fundi wa Pumzi za Magari

Kabla hajakuuliza habari za nyumbani, aliuliza habari za chujio la hewa. Ungeingia kwenye uwanja wake pale Shirimatunda na gari linalogonga, au linalotoa moshi, au lisilotaka kupanda mlima, ukaanza kumweleza kwa mikono na mdomo, naye angekuacha useme mpaka uchoke. Kisha angefungua boneti, atoe chujio, lile ambalo mafundi wengine wote wa Moshi wanaliita ea klina, aende nalo juani alikague kama mama anayekagua yai kwenye mwanga. Akimaliza aligonga nalo paja mara tatu. Suruali yake ya kazi ilikuwa na mstatili wa vumbi kwenye paja la kulia, na mkewe aliniambia aliacha kuipotezea sabuni ya maana, kwa sababu kesho yake inarudi vilevile.

Sisi tulimwita Fundi tu. Mafundi Moshi wamejaa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, sisi madereva wa mashindano tulijua unamsema nani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo sitaandika. Wenyewe wapo na watayasema. Ninachokijua mimi ni miaka tisa ya kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtazama akifanya kazi, na jambo moja ambalo lazima niliseme mapema msije mkaniona mwema: jina lake mimi ndiye niliyelichafua. Nililichafua kwa neno moja, na kwa mwaka mzima sikuwa na ujasiri wa kulisafisha.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Siku za wiki nafundisha. Jumamosi naendesha Subaru kwenye mashindano ya njia za vumbi, jambo ambalo mama yangu huwaeleza wageni kwa sauti ya chini kana kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Fundi ndiye mwanamume wa kwanza wa rika lake ambaye hakuniuliza kwa nini mwanamke anaendesha vile. Aliniuliza, "Gari linapumuaje?" Nikajua hapa nimefika.

Vumbi alilijua kama mzee wa kanisa anavyojua waumini wake. La Masama na vijiji vya juu ni jekundu, zito, linashika kwenye mikunjo ya karatasi na kukaa. La tambarare, njia ya Sanya, ni jeupe na laini mithili ya unga wa muhogo, na ndilo baya zaidi kwa sababu linapenya. Akilimwaga chujio kwenye gazeti alikuambia ulikopita wiki nzima. Siku moja walikuja bwana na bibi, wamependeza, gari limeoshwa hadi matairi. Fundi akagonga chujio, likamwagika vumbi jeupe. "Aa, kumbe ulishuka tambarare," alisema bila ubaya wowote.

Bibi akamgeukia mumewe polepole. "Si ulisema ulikuwa kwenye kikao cha harusi kule juu Marangu?"

Yelewii! Nilitamani ndoo inimeze. Tangu siku ile Fundi hakutaja tena vumbi la mtu mbele ya mtu. Wanawake walipopata habari walianza kuja wenyewe na magari ya waume zao, wakimnong'oneza, "Fundi, hebu niambie, chujio linasemaje?" Naye angejibu kwa uso mkavu, "Linasema libadilishwe."

Kupuliza chujio la karatasi kwa kompresa alikuchukia kuliko wizi. Vijana wa gereji nyingine walikuwa wakifanya hivyo, wanapuliza kwa nguvu zote, linatoka jeupe, mteja anafurahi. Fundi alilinyanyua juani akakuonyesha vitundu vidogo vinavyometameta. "Umelisafisha likawa chandarua kilichotoboka," alisema. "Sasa mbu wote ndani." Na alikuwa na misemo yake mingine, mingine ya kuudhi. Gari lililofika limelemewa na vumbi aliliambia pole, gari lenyewe, si mwenyewe. Mteja mwenye haraka alimwambia, "Haraka unayo wewe, injini haina." Kuhusu wale wanaotoboa boksi la chujio ili gari lingurume, alikuwa na neno moja tu: "Kelele si nguvu."

Hilo la kelele tulibishana miaka. Rafiki yangu Eliya, dereva mwenzangu, alikuwa ameweka lile chujio la umbo la koni, linakaa wazi chini ya boneti bila boksi, na akikanyaga mafuta mtaa mzima wa Soweto hapa Moshi unajua Eliya anakwenda dukani. Nikamwambia Fundi kwamba kimahesabu Eliya yuko sahihi. Injini inachoma mafuta kwa hewa, kinachozuia hewa kinazuia nguvu, koni inazuia kidogo kuliko karatasi, basi. Nilichora na mchoro kwa chaki kwenye sakafu yake. Fundi akautazama mchoro kwa heshima kubwa, akauruka asiufute, akaenda kuchukua mpira wa maji.

Ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao waashi hupimia usawa wa msingi. Ncha moja aliichomeka nyuma ya chujio langu, upande wa injini, akaupitisha mpira dirishani, akaukunja kwenye ubao mbele ya kiti cha abiria na maji ndani yake yenye rangi ya wino. "Panda mlima, kanyaga mpaka mwisho," aliniambia, yeye akaketi pembeni ameshika mlango kama mtu anayepelekwa hospitali. Injini ikivuta kwa shida, maji yanapanda upande mmoja. Kwa chujio langu chafu yalipanda shibiri. Kwa chujio jipya la karatasi, vidole vitatu. Kwa koni ya Eliya, vidole viwili.

"Umeona?" nilisema. "Koni imeshinda."

"Imeshinda kidole kimoja," alisema. "Sasa leta saa."

Tukapima muda kutoka geti la shamba la kahawa mpaka darajani, gia ya tatu, mara tatu kwa karatasi na mara tatu kwa koni. Safari ya kwanza koni ilitangulia kidogo, nikashangilia peke yangu. Ya pili zikalingana. Ya tatu, injini imeshakolea moto, koni ikabaki nyuma, na hapo ndipo mwalimu wa fizikia alipokumbuka kwamba hewa ya moto ni nyepesi. Koni ilikuwa inavuta pumzi ya rejeta na ya tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, joto tupu. Boksi la kiwandani lilikuwa na bomba lake linalochota hewa ya baridi mbele. Nilikaa kwenye ndoo nikacheka mpaka machozi. Haya ndiyo ninayowafundisha watoto kila mwaka, na nimefundishwa upya na mzee mwenye mpira wa mwashi.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kukataa kila kipya. Eliya alipofunga tabo kubwa zaidi, Fundi alipima, maji yakaruka shibiri hata kwa chujio jipya. Alikata bati, akatengeneza boksi kubwa, akaweka chujio la lori ndani yake, akalizuia lisipate joto, na gari la Eliya likapanda kama limesukumwa. "Chujio ni kiatu," alisema. "Pima mguu kwanza. Wewe na Eliya hamna mguu mmoja."

Alikuwa mtu wa kujipinga, na nilimpenda kwa hilo. Alitunza mapafu ya magari na huku anavuta ugoro. Nilipomwambia, alipiga chafya mara mbili akaniambia pua yake haina tabo. Alitengeneza magari yenye mbio kuliko yote mkoani, na pikapu yake aliiendesha taratibu hivi kwamba kuku walivuka kwa miguu yao wenyewe. Gereji alikuwa na maneno ya kuhesabu, na kanisani aliimba besi kwa sauti iliyowafanya watoto wageuke. Na mashindano hakuyatazama hata siku moja. Alikuwa akiitembea njia nzima kwa miguu siku mbili kabla, na fimbo, akisimama kusalimia kila mtu kihambani kwake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kisha siku yenyewe anakaa nyumbani kupalilia migomba. "Kazi yangu imeisha ukiwasha," alisema.

Basi, sasa nifike pale nisipopapenda.

Mashindano yalikuwa Masama, Jumamosi. Fundi alikuwa amelikamilisha gari langu: boksi la kiwandani, chujio jipya, kila kiungio amekifunga. Siku hizo nilikuwa napitwa na watu kwa sekunde chache na roho ilikuwa inaniuma. Nikapiga hesabu. Ukichukua koni ukaiwekea bomba refu mpaka chini, nyuma ya bampa, mbali kabisa na injini, unapata hewa baridi na unapata kile kidole kimoja. Hesabu ilikuwa safi. Nikampelekea Fundi, na kwa mara ya kwanza alikubali mchoro wangu.

"Hewa yako ni sahihi, Mwalimu," alisema. "Tatizo ni mahali. Jumamosi ni zamu ya watu wa chini."

"Zamu ya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto anauliza ugali ni nini. Zamu ya maji. Masama kuna mfongo, mfereji wa asili tuliochimbiwa na mababu, unaoshusha maji kutoka msituni mpaka vihambani, na kila upande una siku yake. Zamu ya watu wa chini ikifika, maji yanafunguliwa na yanakatiza barabara pale bondeni. Waandaaji wetu walipita Jumatano, wakakuta pakavu. Fundi alikuwa amemuuliza mzee anayegawa maji. "Pua ikiwa chini, itakunywa," alisema. "Tuiweke Jumapili ukitaka. Jumamosi hapana."

Mimi ni mtoto wa Soweto. Maji kwetu yanatoka bombani. Nilisema, "Sawa, Fundi." Na Jumamosi asubuhi, kabla ya kuanza, mimi na Eliya tulilitoa boksi pembeni mwa barabara, tukafunga koni yake na bomba lake mpaka chini ya bampa.

Wallahi gari lilikwenda! Kwa kilomita kadhaa nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Kisha nikashuka bondeni, nikaona barabara inang'aa, nikasema moyoni ni kidimbwi tu, na injini ikakata na mlio ambao niliusikia mpaka kwenye meno. Maji hayabanwi. Hilo tunalifundisha kidato cha kwanza. Konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ilipinda kama kijiko.

Watu wakajaa, simu juu, wanarekodi. Akina mama wenye majembe waliokuwa wanagawa maji walisimama wakinihurumia. Kijana mmoja akauliza, "Dada, gari hili nani alikufungia?"

Nikasema, "Fundi."

Basi. Ni neno la kweli, ukilishika kwa ncha. Fundi ndiye aliyenifungia gari hilo miaka yote. Lakini mimi nilijua linachosema na kamera ilijua. Kufikia jioni video ilikuwa kwenye simu za madereva wote, na chini yake mtu ameandika, "Magari ya Fundi sasa yanakunywa maji." Nilisoma, nikaweka simu chini, nikajiambia kesho nitawaeleza. Eliya naye akanyamaza kwa sababu bomba lilikuwa lake. Kesho ikazaa kesho.

Mtu mmoja alihamisha gari, kisha wa pili. Wakimwuliza Fundi kilichotokea, aliwajibu, "Mwulizeni dereva." Hakuna aliyekuja kuniuliza, na mimi sikumfuata mtu. Baada ya miezi michache uwanja wa Shirimatunda ulifungwa, Fundi akarudi kihambani kwake Masama. Nilipita pale siku moja nikaona kuku wanachakura mahali nilipokuwa nikiweka ndoo yangu. Niliona aibu, nikaongeza mwendo. Gari langu nililitengeneza kwa fundi mwingine, na nikiwa barabarani nilikwepa njia ya Masama kama mtu anayekimbia baraza la ukoo.

Mwaka ulipotimia ni mama yangu aliyenishika, yuleyule anayenong'ona kuhusu mbio zangu. Nilimsimulia yote jikoni tukimenya ndizi. Alinisikiliza, akaosha mikono, akaenda kwa jirani mwenye uzio wa kijani, akarudi na jani refu la isale, amelifunga fundo. Kwetu aliyekosa hujipeleka na jani hilo kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa hana njia ya kukataa. "Nenda kabla halijanyauka," alisema mama. "Na usiende na gari lako lile la makelele."

Nilipanda kwa miguu kutoka barabara kuu. Mke wa Fundi aliniona kutoka mlangoni, akaona nilichoshika, akaacha kuuliza aliyotaka kuuliza. "Yuko nyuma, mwanangu. Pita."

Alikuwa ameinamia mashine ya kumenyea kahawa, mkono mmoja kwenye gurudumu lake. Alikuwa amenenepa kidogo, na nilifurahi kuliona hilo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu." Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, akaiacha mashine. Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda ya kahawa nikalinyoosha jani kwa mikono miwili, na hotuba yote niliyoipanga njiani ikanitoka kichwani. Nikasema tu, "Nilikuchafulia jina. Nilijua, na nikanyamaza."

Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," alisema. "Isale halikataliwi, na hata ungekuja mikono mitupu nisingekufukuza. Inuka, utapata madoa." Akaniinua. "Lakini ngoja nikuambie. Hili limemaliza la mimi na wewe. Jina langu haliko hapa Masama, mwanangu. Hapa wananijua. Jina langu umeliacha Soweto."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?" nilimwuliza. "Siku ile ile ungesema tumebadilisha, wangekuamini."

"Wangeniamini mimi, na wewe wangekuonaje? Nilisema mwulizeni dereva. Nilidhani utajibu baada ya siku mbili." Akacheka kidogo, bila uchungu, na hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. "Kumbe walimu mnasahihisha taratibu."

Tulikunywa mtori wa ndizi. Mkewe aliniongezea bila kuniuliza. Nikawaambia Jumamosi madereva wote wanakuwa Soweto pale panapooshwa magari, nitakwenda. Fundi akasema na yeye ana haja ya mjini.

Jumamosi ile alinipitia kwa pikapu yake. Tulikwenda mwendo wa kuku, sikumharakisha. Kufika, yeye alibaki ndani ameinua kioo, akitazama mbele kama mtu anayesubiri mzigo. Madereva walikuwa kumi na watano hivi, maji yanachuruzika, muziki juu. Niliomba wazime muziki. Sauti yangu, ambayo darasani inafika mpaka bustanini, ilikuwa nyembamba.

Nikasema. Fundi alinifungia gari vizuri. Alinikataza. Alinitajia siku ya maji na mahali pa maji. Mimi ndiye niliyetoa boksi lake asubuhi ile na kuweka bomba chini, na nilipoulizwa nani amenifungia nikataja jina lake ili lisitajwe langu. Nikasema mnirekodi, kama mlivyonirekodi bondeni. Wawili wakainua simu. Wengine walitazama viatu.

Eliya akatoka nyuma na kitambaa cha kuoshea mkononi. "Bomba lilikuwa langu," alisema. "Na mimi nilinyamaza."

Mlango wa pikapu ukafunguka, Fundi akashuka na kofia yake ya kanisani, akaja akasimama kando yangu, karibu sana, kama baba anavyosimama na binti. Nilidhani atawapa wosia. Akasema, "Hesabu ya Mwalimu kuhusu hewa ilikuwa sahihi. Mjue na hilo." Kisha akaliangalia gari lililokuwa karibu, akaligonga boneti kwa kidole. "Hili linapumuaje?"

Mwenye gari alikimbia kulifungua. Wa pili naye akafungua lake, kisha wa tatu, boneti zikainuka safu nzima, na mimi, Madam mzima, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya wanafunzi wangu wawili waliokuja kuosha pikipiki.

Fundi hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, na bisibisi ndani yake.

"Futa uso, Mwalimu," alisema. "Fungua hilo boksi la kwanza, nami nakuja."